Kutoka Nyumbani Kwenu Mpaka Kilimani

Yaya Godé, dada yangu mpendwa,

Mama amekaa mlangoni anachambua maharagi. Mimi niko nyuma ya nyumba, nimeegemea ukuta upande ambao hanioni. Nikisikia anasimama, nitaingiza karatasi hii ndani ya kitabu cha chimie. Anafikiri ninajifunza kwa ajili ya mtihani.

Niko na woga, Yaya. Nianze na hilo, kwa sababu wewe ndiye uliyenizoesha kusema jambo kama lilivyo hata kama sauti inatetemeka. Tangu Jumamosi ninakuandikia kwa WhatsApp na kila ujumbe unabaki na alama moja tu. Nikipiga, mwanamke mmoja ananisemesha kwa Kiingereza. Simwelewi, ila ninajua si wewe. Kisha nimesoma habari kwa Kifaransa: kimbunga kimepiga pwani ya Sorsogon, kule uliko, umeme na simu vimekatika, watu wa vijiji vya kando ya bahari wamehamishwa. Wameandika hivyo, "wamehamishwa". Hawakuandika "wote". Nimerudia kuisoma ile sentensi mpaka sasa naona herufi tu.

Mama hajui chochote. Kila asubuhi anauliza, "Godé amejibu?" na mimi ninajibu, "Réseau, Mama." Anatingisha kichwa, maana réseau, yaani mtandao, ni kitu anachokielewa, hata hapa kwetu inakatika mvua ikinyesha tu upande wa Panda.

Wewe unajua kwa nini nashindwa kumwambia, na kwa nini siwezi kunyamaza siku nyingi. Ulikuwapo Papa alipofariki hospitali. Habari ilifika kwa majirani kabla ya kufika kwetu. Mama alirudi kutoka sokoni na beseni ya samaki kichwani, akakuta viti vya salon vimetolewa nje, kitanda kimesimamishwa kwenye ukuta, na wanaume ambao hawakuwa na kawaida ya kututembelea wamekaa kimya kwenye viti vya plastiki. Hakuna aliyemwambia neno. Alishusha beseni polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga maji, akatuangalia mimi na wewe, mmoja kisha mwingine. Alikuwa anahesabu nani amebaki. Ndipo akakaa chini palepale kwenye udongo.

Sitaki habari yako imfikie kwa viti, Yaya.

Unakumbuka ile tiketi? Shirika lenu la masista lilituma moja tu, ili mtu wa familia aje kwenye nadhiri zako za kwanza. Ilikuwa ya Mama. Yeye akasema mguu wake hauwezi kukunjwa ndani ya ndege siku nzima, akanisukuma mimi, mtoto ambaye hata nikijua jibu darasani ninaangalia chini ili mwalimu asiniite. "Utaenda weye," aliniambia. "Utamuangalia Godé muzuri, kisha utakuya kuniambia." Nikaenda Lubumbashi kwa taxi-bus, na kutoka pale ndege baada ya ndege, na katika ndege zote sikuomba hata maji, kwa sababu sikujua niyaombe kwa lugha gani.

Ulikuwa unaningojea na kanzu yako nyeupe. Ulikuwa umekonda. Neno lako la kwanza halikuwa salamu. "Mudogo, ulikula?" Nililia pale mbele ya watu wote, na wewe ukawaambia kwa lugha yao kitu kilichowafanya wacheke kwa upole. Mpaka leo hujaniambia ulisema nini.

Tulipofika kijijini nilitazama bahari kwa mara ya kwanza. Nilidhani itakuwa ya bluu kama kwenye kalenda ya parokia. Ilikuwa na rangi ya mabati ya zamani, na kilichonitisha ni kwamba ilifanya kelele bila mtu kuigusa. Nilikuuliza, "Yaya, inalalaka saa ngapi?" Ukasema, "Hailalaka." Ulisema kama mzaha, lakini usiku ule wote nilikuwa naisikia na kuwaza kwamba ni kweli.

Kati ya bahari na mlima kulikuwa na mashamba ya mpunga yamejaa maji, na nyumba yenu palepale chini, karibu kabisa na minazi ya mwisho. Ndani ya maji yale alisimama nyati, na mgongoni mwake kitoto kinakula muwa. Nilijificha nyuma yako. Kwetu nyati ni mnyama anayeua wawindaji. Kile kitoto kilinionyesha muwa wake kama kunikaribisha, nikazidi kujificha, na wewe ulicheka mpaka ukashika ubavu.

Mashamba yaliyopakana na nyumba yenu yalikuwa ya Nanay Luz, yule mjane mzee. Nanay, mama: wote walimwita hivyo, nami nikamwita hivyo. Nilimsalimu kama tunavyosalimu wakubwa huku, nikapiga magoti kidogo na kupiga makofi polepole. Yeye akanipa mkono. Nikaushika. Hakuuachia, akauinua mpaka ukagusa paji la uso wangu. "Njo salamu yao," ukaniambia. "Mutoto anaomba baraka." Tangu hapo kila asubuhi nilimpelekea paji la uso. Hatukuwa na neno hata moja la pamoja, mimi na yeye. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kunyamaza kwangu hakukuwa kosa. Hakuna aliyesema, "Huyu mutoto iko na haya sana, anagonjwaka?" Tulikaa tu tukipepeta mchele, yeye anaimba chini chini.

Na ule mpunga barabarani. Mlikuwa mnauanika juu ya lami, upande mmoja wa barabara, mbali mpaka kwenye kona, na magari yalipita upande mwingine bila kupiga honi. Ulivua viatu, ukawa unaugeuza kwa miguu, ukiuvuta kama mtu anayetembea ndani ya mchanga. Sista mzima, na kanzu imepandishwa mpaka magotini. Nilitamani Mama akuone. Halafu mvua ikaanza ghafla, na kila mtu akakimbia na mifagio na magunia. Basi dogo likasimama na abiria wakashuka, watu wasiojulikana, wakaanza kukusanya mpunga usio wao. Mwanamume mmoja mwenye suti alikuwa anausukuma kwa mkoba wake wa kazi. Mlipomaliza akapanda tena basi, amelowa, hata jina hakusema. Nikakuuliza ni ndugu yenu? Ukasema, "Hapana. Aliona mvua tu."

Sasa nifike kwenye ile siku. Mama hajawahi kuisikia, kwa sababu tulipatana mimi na wewe asiisikie.

Upepo ulikuwa umeanza tangu asubuhi. Wewe na masista wengine mlikwenda kufunga paa la banda la kuku kwa kamba. Mimi nilibaki jikoni naosha sufuria. King'ora kikalia.

Mwili wangu haukuniuliza kitu. Unakumbuka Kakanda, tulipokuwa wadogo na Papa anafanya kazi kule? Sirène ikilia ni kwamba watapasua mwamba mgodini. Mama alitufundisha kabla hata hatujajua kusoma: ingieni ndani, mbali na dirisha, chini ya meza, kinywa wazi ili masikio yasiumie, mungojee. Ardhi inatetemeka, sahani zinagongana, halafu mtu anatoka kuendelea na mchezo. Basi niliacha sufuria, nikafunga mlango, nikaingia chini ya meza, nikafungua kinywa. Nikangojea.

Nje nilisikia watu wanapita na kuku na watoto na magodoro. Nikawaza: masikini, hawa hawajui kwamba wakati wa sirène mtu hatembei nje.

Mlango ukafunguka na wewe ukaingia pamoja na maji. Yalikuwa yanafika kwenye vifundo vyako. Uliinama ukaniona.

"Unafanya nini humu?"

"Minangojea ipasuke."

"Nini ipasuke?"

"Mugodi."

Ulicheka, Yaya. Kicheko kifupi, kibaya, sijakisikia tena kwako. Kisha uso ukabadilika. "Huku hakuna mugodi. Huku sirène inasema toka." Ukanishika hapa, juu ya kiwiko, na siku nyingi alama za vidole vyako zilibaki. Tulipita kwenye ukingo mwembamba kati ya mashamba, halafu mawe, halafu zile ngazi za sementi zinazopanda mpaka kanisani kilimani. Upepo ulikuwa unaturudisha nyuma. Kila tulipopiga hatua ulikuwa unataka kutunyang'anya hiyo hatua. Kule juu Nanay Luz alinipiga begani kwa hasira, kisha akanikumbatia hata nikakosa pumzi. Ndipo nilipoelewa kwamba ulikuwa umekwisha kufika kilimani. Ulikuwa umefika, umetazama watu wote, hukuniona, ukarudi chini.

Kulipokucha tulishuka. Bahari ilikuwa imeingia ndani ya mpunga na imekaa humo kama iko kwake. Nanay Luz alichovya kidole kwenye maji ya shamba, akaonja, akatema. Alifunga sketi yake kiunoni na kuanza kufungua mfereji ili maji yatoke, na wewe ukachukua jembe. Nilikuuliza jioni ile kwa nini usirudi nami Likasi. Ulifikiri kidogo. "Mudogo, nikirudia, minye nitakuwa salama. Na yeye?" Kisha ukaniomba nisimwambie Mama, ili asikae kila siku anasikiliza upepo. Nikakubali. Niliporudi nikamwambia habari za minazi, na nyati, na mwanamume mwenye suti. Alicheka sana kwa ajili ya suti. Tangu siku ile anaamini uko mahali pa kupumzika.

Sasa mimi ndiye ninayesikiliza upepo. Kila kitu kinanishtua. Jana mtu aliburuta bati barabarani na nikainuka katikati ya somo la Kifaransa, mwalimu akauliza, "Oui?" na darasa zima likaniangalia.

Hapo niliacha kuandika, Yaya. Ninaendelea siku ya pili yake, na nakuandikia nikiwa ndani, mezani, bila kujificha. Nikuelezee ilivyokuwa.

Nilikwenda bombani kuchota maji nikamkuta Mama Rébecca, yule jirani yetu wa makaa, wa kundi la maombi. Alikuwa na nguo zake za kufua.

"Weye, mudogo wa masœur," aliniita mdogo wa sista, na bomba zima likasikia. "Ile inchi Godé iko, haina njo ile maji imebeba banyumba? Mutoto yangu alinionyesha ku téléphone."

"Mama, nakuomba, sema polepole."

"Minasema polepole. Hii njo polepole yangu." Akanisogelea. "Mama yako anajua?"

"Bado."

"Bado? Unamufichaka mama yako kintu kama hii? Ngoja, nitaita bamama ba groupe, tukuye kuomba pale kwenu. Bataleta na biti."

Aliposema viti niliweka ndoo chini. Mimi ambaye simwangalii mtu mkubwa machoni, nilimshika kitambaa chake. "Hapana viti, Mama. Chochote, lakini hapana viti."

"Ni maombi tu, mutoto. Haina kilio."

"Akiona viti hatangojea kuuliza."

Alinitazama. Yeye naye alikuwapo siku ya Papa. Kumbe hakuwa amesahau. Akarudisha mikono kwenye sabuni. "Sikia. Nakupa mpaka nimalize kufua. Minye najijua, mudomo yangu haina kufuli. Na nguo si nyingi. Kimbia."

Nikakimbia na ndoo nusu.

Mama alikuwa anapuliza moto. Nilisimama mbele yake mikono nyuma, kama darasani. "Mama, niko na neno." Akasema, "Sema," bila kuinua kichwa. Nikasema. Nilianza na kimbunga na simu isiyoita, halafu sikuweza kusimama, nikasema na ile siku nyingine, sirène, meza, maji, wewe mlangoni. Nilisema vibaya, kwa Kiswahili na Kifaransa vimechanganyika. Mama hakulia. Aliondoa sufuria motoni, akaiweka chini.

"Ulikuwa chini ya meza," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kinywa wazi."

"Ndiyo."

"Njo minye niliwafundisha."

Alikaa na mikono juu ya magoti, anaangalia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilitaka kumwambia kwamba kule Kakanda alifanya vizuri, lakini alitangulia.

"Hiyo kilima, toka nyumba ya Godé, iko mbali?"

"Kidogo."

"Kidogo kama wapi? Usiniambie kilomètre. Niambie toka wapi mpaka wapi."

Nilifikiri. "Kama toka hapa mpaka parokia."

"Basi tuende."

Alifunga kitenge chake na tukatoka, yeye na mguu wake mbaya, sufuria imebaki chini. Mama Rébecca alikuwa anapita na beseni ya nguo zilizokamuliwa. Alisimama. "Munaenda wapi?"

"Godé iko mu kimbunga na hatujui habari yake," Mama alimjibu, kwa sauti ambayo kila mtu angeweza kuisikia. "Tunaenda kupima njia."

Mama Rébecca alitua beseni kando ya ukuta wetu na kutufuata nyuma, na naapa hakufungua kinywa, hata amina hakusema.

Tulipokuwa tunatembea Mama alikuwa ananiuliza. "Apa, kwao, kuko nini?" Nikamwambia mpunga, na njia ni nyembamba. Akaanza kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine, katikati ya barabara yetu pana yenye vumbi, na mtu wa baiskeli aliyebeba makaa akazunguka ili asimguse. "Na sasa?" Nikasema mawe. Akainua mguu juu zaidi. "Na sasa?" Ngazi, Mama. Kule mwisho kuna mlima kidogo kabla ya parokia, unakumbuka, Yaya. Aliupanda akinishika bega. Alipofika aliweka kiganja kwenye ukuta wa kanisa na kupumua.

"Nimefika," alisema. "Minye, na huu mguu. Godé iko na miguu ya nguvu."

Nilianza kupumua na mimi. Kisha akauliza kile nilichokuwa nikiomba asikiulize. "Na upepo? Inasukuma mbele ao inarudisha nyuma?"

"Inarudisha nyuma, Mama."

Aligeuka akaitazama njia tuliyopita, mpaka chini.

"Godé alifika," alisema. "Minajua alifika. Ni kurudia njo minaogopa. Akiangalia bantu, akiona moja haiko."

Hapo ndipo woga wangu wote ulipo, Yaya, na yeye ameuona mara moja, mtu ambaye hajawahi kuiona bahari. Usiku nilitaka kukuandikia nikuombe: ukifika kilimani, kaa. Usihesabu watu. Mwachie mwingine ashuke. Lakini siwezi kukuomba hivyo kwa mkono huu ulioushika ukanivuta, kwa sababu kule chini kwenye jiko la mtu kunaweza kuwa na mtoto aliyenyamaza kama mimi. Basi sijui nikuombe nini. Ninakuomba ushuke mbio na upande mbio. Ninakuomba uvue viatu.

Mama amelala mapema, simu iko mkononi mwake, hataki nimshikie. Ameniomba nimuonyeshe alama moja ni ipi na mbili ni zipi. Mama Rébecca alikuja baadaye na wamama wawili wa kundi lake. Waliomba wamesimama, mlangoni, kwa sauti ya chini kabisa, wakaenda. Hakuna aliyekaa.

Naishia hapa, Yaya. Baki juu kama bado uko juu.

Mimi mdogo wako, ninayekuangalia kutoka Likasi.